Mnyonge wa Kitabuni na Mnyonge wa Jikoni

Mpenzi msomaji, ukitaka kumfurahisha mwalimu wa fasihi, mtajie ukandamizaji. Karibu kila kitabu tunachosoma hapa shuleni kina mtu anayeonewa na mwingine anayemwonea. Sisi wanafunzi tumeshazoea. Swali likija, "Jadili jinsi wanyonge wanavyodhulumiwa," kalamu zinashika mbio: wafanyakazi wanalipwa kiduchu, wanawake wanadharauliwa, watoto wananyimwa elimu, wakubwa wanakula peke yao. Hoja kumi, alama ishirini, tunafunga daftari tunakwenda zetu nyumbani.

Haya, tumefika nyumbani. Chakula kilicho mezani kimepikwa na nani? Sare tulizovaa zimefuliwa na nani? Mtoto mdogo wa nyumba amebebwa na nani tangu asubuhi? Katika nyumba nyingi za mijini jibu ni moja. Ni yule anayeitwa hausigeli, au yaya, au kwa Sheng "mboch", na wakati mwingine haitwi kwa jina lolote ila "wewe". Makala haya ni juu yake.

Nina neno moja tu la kusema, na nitalisema mapema ili asiyependa afungue ukurasa wa vitendawili. Tunamlilia mnyonge wa kitabuni kwa sababu machozi hayo hayatugharimu kitu. Mnyonge wa jikoni tunamnyamazia kwa sababu kumtendea haki kuna gharama, na gharama hiyo ingetoka nyumbani kwetu. Fasihi isiyovuka mlango wa jikoni, kwa maoni yangu, ni ya kupasi mtihani tu.

Je, Kijakazi alikuwa mjinga?

Muhula uliopita chama chetu kilisoma Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1978. Si kitabu cha mtihani. Tulikuwa na nakala moja tu, jalada limeng'oka, tukawa tunasomeana kwa zamu. Wale ambao hawakuwapo nawaeleza kwa kifupi. Fuad ni mwinyi, mwenye shamba kubwa kisiwani Unguja, katika miaka ya kabla na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Katika kasri lake yumo mtumishi aitwaye Kijakazi. Anaamka kabla ya jua, anahangaika kutwa nzima, na shukrani yake ni matusi. Hata hivyo anampenda bwana wake. Mapinduzi yanapofika na wenzake wanashangilia, yeye inamwia vigumu sana kuikubali hali mpya.

Siku ya mjadala chama kizima kilikuwa na neno moja juu yake: mjinga. Mmoja wetu alisema Kijakazi aliipenda minyororo yake mwenyewe. Mwingine akasema mtu wa namna hiyo hata ukimkomboa atarudi mbio utumwani. Watu wakacheka, si mchezo. Mimi sikucheka wala sikukubaliana nao. Kengele ililia kabla ya zamu yangu kufika, kwa hiyo jibu langu ni hili hapa.

Kwanza, litazameni jina lenyewe. Mjakazi, au kijakazi, ni mtumwa wa kike, kama vile mtwana ni mtumwa wa kiume. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwandishi anatuonyesha kwamba zaidi ya miaka 60 baadaye mtu mzima bado anaitwa kwa jina hilo ndani ya kasri, na hakuna anayeshtuka. Sheria ilibadilisha karatasi, lakini midomo ya watu iliendelea na mazoea yake.

Tusidhani huo ni ugonjwa wa Unguja peke yake. Huku bara wakoloni walikuwa na lao. Mwanamume mwenye mke na wajukuu, ndevu zimejaa mvi, aliitwa "boi", yaani kijana mdogo, na mtoto wa mwajiri wake. Mwandishi wa Kameruni, Ferdinand Oyono, alieleza maisha ya mtumishi wa namna hiyo katika riwaya iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1956, ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili kwa jina Boi. Toundi anafanya kazi nyumbani kwa mkuu wa Kizungu na huandika katika daftari lake mambo anayoyaona. Anaziona siri za ndani, na kwa kuwa ameziona, wakubwa hawawezi tena kumvumilia. Anahusishwa na wizi ambao hakuufanya, anapigwa vibaya, anatoroka na majeraha yake na kufia ugenini.

Sasa wekeni hawa wawili pamoja. Toundi alifungua macho, akaangamia. Kijakazi alifumba macho, akaishi. Bado tutasema ni nani mjinga?

Pili, nauliza: Kijakazi angekwenda wapi? Nyumba ni ya Fuad, chakula ni cha Fuad, shamba ni la Fuad. Hapa ndipo mtumishi wa nyumbani anapotofautiana na wafanyakazi wengine wote. Mfanyakazi wa kiwandani akifutwa, jioni analala kwake. Mtumishi wa kulala humo humo akifutwa saa mbili usiku, saa mbili na dakika tano yuko nje ya geti na mfuko wake mkononi. Kazi na paa vinaondoka pamoja. Mtu akikosa pa kwenda hujifunza kupapenda pale alipo, ili siku zipite.

Jambo hili silijui kwa kusoma tu. Mama yangu ni mtumishi wa nyumbani. Alikuja Nairobi akiwa na miaka 17, akawa yaya wa kulala katika nyumba nne kwa nyakati mbalimbali. Sasa ni mama fua. Kila asubuhi hutembea kutoka Kawangware hadi Lavington. Siku nyingine anapata, siku nyingine anarudi mikono mitupu. Katika mojawapo ya nyumba hizo nne, ambayo sitaitaja, aliomba Jumapili moja tu akamwone nyanya yangu aliyekuwa mgonjwa. Aliambiwa aende, ila asirudi. Mshahara wa mwezi huo alipewa nusu. Nusu nyingine, waliambiana, ilikuwa fidia ya vyombo vilivyovunjika.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema kitu. Alinijibu bila hasira: "Mtaa mzima wanajuana. Ningepiga kelele pale, nani angeniandika tena, na wewe ungesoma na nini?" Wenzangu mnajua kwamba hata katika shule ya kutwa, ambapo serikali hulipia masomo, pesa za chakula cha mchana, sare na vitabu vya ziada hazianguki kutoka mbinguni. Za kwangu zinatoka katika beseni la nguo za watu.

Basi niliposikia Kijakazi akiitwa mjinga na watu wakicheka, nilijua ni nani anayechekwa. Ukimya wa mtu kama huyo si dalili kwamba haoni. Mara nyingi anaona kila kitu, ila amepiga hesabu.

Mbona hawaungani?

Najua kuna atakayesema: kama wanaumia hivyo, mbona hawaungani wakadai haki yao kama wafanyakazi wengine? Swali ni zuri na fasihi yetu imelijibu mara nyingi. Adam Shafi huyo huyo aliandika Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979, juu ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Rashid anaanza kama kijana asiyejua lolote isipokuwa kubeba mizigo, na mwisho anasimama bega kwa bega na wenzake. Alamin Mazrui naye, katika tamthilia ya Kilio cha Haki ya mwaka 1981, alimpa mwanamke, Lanina, kazi ya kuwaongoza wafanyakazi dhidi ya mwajiri Delamon. Mwaka uliofuata mwandishi mwenyewe alitiwa kizuizini. Wale wanaosema fasihi ni hadithi tu wangewauliza waliomfunga.

Nje ya vitabu pia tunao mfano, tena wa hapa kwetu Kenya. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, yapata 15,000, waligoma kwa siku 12. Waliogoma hawakuwa makuli wa bandarini na watu wa reli peke yao. Hata watumishi wa hoteli na wa majumbani waliacha masufuria ya mabwana wao. Walikuwa wakikutana katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Serikali ya kikoloni ililazimika kuichunguza mishahara, na baadhi yao wakaongezewa. Kiongozi wa chama chao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa Kabarnet, akakaa huko kwa takriban miaka kumi. Kwa hiyo yeyote anayedai kwamba mtumishi wa nyumbani kwa tabia yake hawezi kusimama, hajasoma historia yetu.

Lakini tazama tofauti. Kuli akifika getini mwa bandari asubuhi anawakuta wenzake mia. Wanazungumza, wanalinganisha mishahara, wanajua nani amepunjwa. Mtumishi wa nyumbani amezungukwa na kuta nne na geti lenye kufuli. Mwenzake yuko katika nyumba ya pili, lakini wanaonana wakati wa kuanika nguo tu. Hajui jirani analipwa ngapi. Kipo chama cha wafanyakazi kinachowasajili, KUDHEIHA, ambacho ni cha wafanyakazi wa majumbani, hoteli, taasisi za elimu na hospitali. Lakini atafikaje mkutanoni mtu asiye na Jumapili? Kiwanja cha Maskini chake kiko wapi?

Sisi wa shule ya kutwa tuna kitu kimoja ambacho wenzetu wa bweni hawana, nacho ni barabara. Ukitoka Kawangware saa kumi na moja na nusu alfajiri unakutana na majeshi mawili. Walinzi wa usiku wanarudi na makoti yao mazito, macho mekundu. Akina mama wanakwenda, kandambili zimefungwa kwenye leso ili za kuvaa kazini zisichafuke kwa matope. Ikifika saa mbili, wasio na nyumba maalum wameketi juu ya mawe kando ya barabara, wakingoja mtu mwenye nguo chafu. Mwanafunzi anayepita hapo kila siku akiwa na kitabu cha fasihi begani hana haja ya kuuliza maana ya unyonge.

Sheria ipo, tatizo ni mlango

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Nadhani walikuwa wakieleza walichokiona, hawakuwa wakituagiza. Hebu tutazame haki alizonazo leo mtumishi wa nyumbani kwa mujibu wa sheria.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira unaostahili, mazingira mazuri ya kazi, na kujiunga na chama. Haikusema "isipokuwa hausigeli". Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kila mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo baada ya mwaka mmoja wa kazi. Inataka pia mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwekwe katika maandishi. Agizo la mishahara la mwaka 2022 liliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani katika miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Mwaka 2024 kiasi hicho kikaongezwa kwa asilimia 6. Ama kuhusu msichana wa miaka 13 au 14 anayeletwa kutoka mashambani "asaidie asaidie kidogo", Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imefanya masomo kuwa ya lazima kwa kila mtoto. Mahali pake ni darasani.

Je, wangapi wanayapata haya? Sina hesabu ya nchi nzima, na huihitaji. Muulize wa kwenu.

Shida ya sheria hizi ni mlango. Mkaguzi wa leba anaweza kuingia kiwandani. Ni nani ataingia jikoni kwa watu saa nne usiku aone kama msichana bado anapiga pasi? Polisi hayupo, mkaguzi hayupo, chama hakipo. Aliyepo ni mmoja tu, naye ni mtoto wa nyumba anayefanya mazoezi ya shule mezani. Mpenzi msomaji, huyo ni wewe. Wewe ndiye shahidi wa pekee. Ndiyo maana nimeona heri niwaandikie wanafunzi kuliko kuwaandikia wabunge.

Hoja za upande wa pili

Si haki nieleze upande mmoja tu, nitakuwa kama hakimu aliyekwisha kuamua. Wako watakaosema waajiri nao ni wanyonge. Ni kweli. Mama anayeuza mboga sokoni anahitaji mtu wa kumwangalizia mtoto, na yeye mwenyewe huenda hapati shilingi 15,000 kwa mwezi. Mnyonge anamwajiri mnyonge mwenzake. Hili ni fundo gumu na sijidai kulifungua lote. Lakini hata katika nyumba hiyo yapo mambo yasiyonunuliwa dukani. Siku ya mapumziko haihitaji pesa za benki. Kumwita mtu kwa jina lake ni bure. Kula chakula kile kile kilichopikwa, badala ya kusubiri makoko ya sufuria, hakuongezi bei ya unga. Kumlipa tarehe mliyokubaliana, hata kama ni kidogo, kunahitaji uaminifu tu. Asiyeweza kumlipa mtu wa kutwa kucha anaweza kukubaliana naye saa chache, naye aende akatafute kwingine. Ubaya ni kumlipa mtu kidogo na kumshika kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane.

Wengine watasema wasichana wa kazi ni wabaya, huiba, huwapiga watoto. Wapo, jamani, sikatai. Hata katika walimu, madaktari na mapadri wabaya hawakosi, lakini hatusemi madaktari wote wanyimwe mshahara. Aliyetenda kosa apelekwe mahakamani. Asiye na kosa asihukumiwe kwa kosa la mwenziwe. Tena tujiulize, mtu anayeamka saa kumi na kulala saa sita, hana siku ya kupumzika wala rafiki wa kuzungumza naye, atakuwa na subira gani na mtoto anayelia?

Halafu kuna jambo linalonichoma kuliko yote. Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukisikia habari za dada zetu waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Chini ya utaratibu uitwao kafala, kibali cha mfanyakazi cha kukaa nchini humo hufungwa kwa mwajiri wake, na wengi wamerudi wakisimulia jinsi walivyonyang'anywa pasipoti, wakafungiwa ndani, wakanyimwa mshahara. Wengine wamerudi ndani ya sanduku. Nyumba zetu hujaa hasira habari hizi zinaposomwa, na ni haki kabisa kukasirika. Lakini wakati baba na mama wanapiga meza kwa uchungu, ni nani aliyesimama mlangoni na sinia la chai, akisikiliza? Kitambulisho chake kimewekwa katika kabati la nani? Mara ya mwisho alitoka nje ya geti lini? Nyani haoni kundule. Tukimtaka Mwarabu wa Riyadh amtendee haki binti wa Kakamega, tuanze na yule binti wa Kakamega aliye Buruburu.

Tufanye nini basi?

Hatuna mishahara ya kumwongezea mtu, sisi ni watoto wa shule. Lakini yako mambo manne ambayo mwanachama yeyote wa chama hiki anaweza kuyaanza leo jioni.

La kwanza, tumjue. Jina lake kamili, kwao ni wapi, aliacha shule darasa la ngapi na kwa nini. Watu wengi humwita "dada" na kudhani wamemaliza. Ni dada gani huyo ambaye hali mezani na wengine, halali kitandani, na hana siku ya kwenda kwao? Jina zuri lisiwe pazia.

La pili, tumpunguzie. Mtu wa kidato cha tatu ana mikono miwili. Anaweza kuosha sahani yake, kufua soksi zake na kutandika kitanda chake. Kumwamsha mtu saa tano usiku akuletee maji ya kunywa, na bomba liko hatua kumi, ni umwinyi wa Fuad ule ule, tofauti ni kwamba wewe huna mikarafuu.

La tatu, tumsemee. Kijakazi hawezi kumwambia Fuad kwamba leo ni Jumapili. Mtoto wa Fuad anaweza. Sisemi tuwakosee wazazi heshima. Nasema mzazi aliyekulipia karo ili usome juu ya haki hatashangaa sana ukimuuliza kwa adabu, "Mama, huyu hupumzika lini?" Huenda akakasirika. Huenda pia alikuwa akingoja mtu aulize.

La nne ni la chama chetu. Katika michezo tunayoiigiza, na hata katika vichekesho vya televisheni, hausigeli ni wa kuchekesha. Amefunga leso vibaya, anachanganya "r" na "l", anavunja sahani, watu wanaangua kicheko. Tumeandika michezo mingi juu ya mfalme mbaya wa nchi ya mbali, lakini hatujaandika hata mmoja ambao mtumishi wa nyumbani ndiye anayesimulia. Toundi alikuwa na daftari lake. Huyu wetu hana daftari, lakini sisi tunayo, tena mengine hayajajazwa. Napendekeza mchezo wetu wa mwaka ujao uwe wake, na kabla ya kuuandika twende tukawasikilize wale wanaoketi juu ya mawe kando ya barabara. Watatueleza mengi kuliko mwongozo wowote wa vitabu teule. Mama yangu nimekwisha kumuuliza, amekubali kuja kuzungumza na chama siku yoyote isiyo ya kufua.

Walimu wetu wapendwa, nanyi nawaomba jambo dogo. Mtakapotutungia tena swali juu ya wanyonge katika kitabu fulani, ongezeni sehemu ya pili yenye alama tano: mtahiniwa amtaje mnyonge mmoja anayemjua yeye, nje ya kitabu, na aeleze haki gani anayonyimwa na nani anayemnyima. Najua wengi wataandika juu ya serikali. Atakayeandika juu ya jikoni kwao mpeni alama zote.

Nafasi niliyopewa na mhariri imekwisha. Asiyekubaliana nami kuhusu Kijakazi aje mkutanoni Alhamisi baada ya masomo. Safari hii naomba niwe wa kwanza kuzungumza, kabla ya kengele.